Kununua au Kuunda: Mwongozo wa Kompyuta ya Sinema ya Nyumbani kwa Mwenye Fedha ya Kiasi

Mtu mwenye fedha ya kiasi atakaye kuigeuza sebule yake iwe mahali pa kutazama sinema, kusikiliza muziki na kuhifadhi picha za aila yake, hukabiliwa na njia mbili ambazo kila moja ina watetezi wake: ama anunue mashine iliyokwisha kutengenezwa, aitie waya na kuiwasha jioni ile ile, ama akusanye vifaa kimoja kimoja, aviunge kwa mkono wake au kwa mkono wa fundi, mpaka apate chombo kilicholingana na haja yake. Hukumu ya mwongozo huu naitanguliza ili msomaji aipime kwa hoja zitakazofuata: kwa kazi ya kutazama peke yake, kuunda mashine kwa vifaa vipya hakuokoi tena fedha, kwa nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki iliyo bora ni kununua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha tumika, kisha kuikamilisha kwa mikono yako, na katika kila njia, urahisi wa chombo haupimwi kwa bei ya siku ya kwanza tu, bali kwa kuuliza kama siku kitakapoharibika kitatengenezeka katika mji unaokaa.

Haja kwanza, chombo baadaye

Kabla hujauliza bei ya kitu chochote, keti na watu wa nyumba yako mkubaliane juu ya mtakayotazama. Jambo hili laonekana dogo, walakini ndilo liamualo mengine yote, kwa sababu nyumba itazamayo YouTube na Netflix kwa intaneti haihitaji chombo kile kile kihitajiwacho na nyumba yenye video za harusi, maulidi na mahafali zilizorundikana katika diski na flashi, wala nyumba hiyo hailingani na ile ambayo vijana wake wataka kucheza michezo ya kompyuta baada ya wazee kulala.

Ikiwa haja yako yote ni Netflix na YouTube, na televisheni yako ni ya kisasa yenye programu hizo ndani yake, huna haja ya kompyuta hata kidogo. Na kama televisheni yako ni ya zamani kidogo lakini ina tundu la HDMI, kisanduku kidogo cha Android chenye kibali cha kampuni hizo kitakutosha kwa gharama ndogo zaidi. Nayasema haya mapema kwa sababu ni dhuluma kumwongoza mtu anunue asichokihitaji. Kadhalika, usitarajie kompyuta hii ikuondolee king'amuzi: chaneli za kulipia zimefungwa kwa kadi au namba ya usajili ya king'amuzi chenyewe, basi vyombo hivyo viwili vitakaa bega kwa bega nyuma ya televisheni, kila kimoja katika tundu lake.

Kompyuta hupata thamani yake pale ambapo nyumba ina hazina yake ya kutazama. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti imeenea kwa kasi isiyokuwa na mfano katika pwani yetu; hata hivyo, mwenye kununua bando kwa GB bado hulipia kila saa ya kutazama, na saa moja ya picha ya kiwango cha HD kutoka Netflix yaweza kula takriban GB 3, ilhali saa moja ya 4K yaweza kufika GB 7. Filamu iliyohifadhiwa katika diski yako hutazamwa na watoto mara kumi bila ya kugusa bando. Na hesabu ya nafasi si ngumu: ukikadiria GB 4 kwa filamu moja ya saa mbili iliyobanwa vizuri, diski ya TB 1 yabeba filamu 250, hazina ya kuitosha aila kwa miaka.

Jinsi picha inavyokunjuliwa

Hapa sharti msomaji anistahimili kidogo, maana jambo hili ndilo wauzaji wengi hawalielezi, nalo ndilo litenganishalo mashine ichezayo filamu kwa utulivu na ile igandayo katikati ya kisa. Filamu haihifadhiwi katika diski picha kwa picha kama ilivyopigwa, kwa kuwa ingejaza diski nzima. Hubanwa kwa kanuni maalumu, na mashine inapoicheza huwa ina kazi ya kuikunjua tena kwa haraka isiyokoma. Kanuni kubwa za leo ni H.264, iliyotangazwa mwaka 2003, na ambayo karibu kila mashine yaiweza, na H.265, iitwayo pia HEVC, ya mwaka 2013. Ipo pia VP9 ya Google, itumiwayo sana na YouTube. Na ipo AV1, iliyotoka mwaka 2018, ambayo yaendelea kushika nafasi ya zilizotangulia.

Kazi hiyo ya kukunjua yaweza kufanywa na prosesa kwa nguvu zake zote, huku feni ikilia na joto likipanda, au yaweza kufanywa na sehemu ndogo iliyojengwa ndani ya prosesa mahususi kwa kazi hiyo, bila ya kelele wala jasho. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si "Ni Core i5 au i7?", bali "Ni ya kizazi gani?" Prosesa za Intel za kizazi cha 6, zilizotoka mwaka 2015, zakunjua HEVC ya kawaida, za kizazi cha 7, zilizoanza kutoka mwaka 2016, zakunjua HEVC ya biti 10 na VP9, yaani aina mbili utakazokutana nazo sana katika picha za 4K, na za kizazi cha 11, zilizoanza kutoka mwaka 2020, zaongeza AV1. Kizazi husomwa katika namba baada ya kistari: i5-7500T ni ya kizazi cha 7, na i5-10500T ni ya kizazi cha 10. Herufi T mwishoni ni habari njema kwa kazi yetu, kwa kuwa yaonyesha prosesa iliyotengenezwa kula umeme kidogo. Basi Core i3 ya kizazi cha 8 yafaa sebuleni kuliko Core i7 ya kizazi cha 3, japokuwa jina la pili lasikika kubwa zaidi dukani.

Tundu la HDMI nalo lina daraja zake. HDMI 1.4 yapitisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, ambayo yatosha kwa filamu lakini huufanya mshale wa kipanya na mpira wa kandanda vionekane vikiruka; HDMI 2.0, ya mwaka 2013, yapitisha mara 60. Mwenye televisheni ya Full HD hana haja ya kusumbuka na tofauti hii. Na hilo ndilo neno la kwanza la kuokoa fedha: tazama televisheni uliyo nayo kabla ya kununua kompyuta, kwa kuwa mashine ya kizazi cha 4 yatosha kwa filamu za Full HD, na kulipia nguvu za 4K kwa kioo kisichoweza kuzionyesha ni israfu.

Njia ya kwanza: kununua mpya

Mashine ndogo mpya zilizotawala soko la bei ya chini katika miaka hii ni zile zenye prosesa ya Intel N100, iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Prosesa hiyo ina viini vinne, imekadiriwa kutumia wati 6 tu, nayo yakunjua kanuni zote nilizozitaja pamoja na AV1. Chombo kizima huenea kiganjani, aghalabu huja na RAM na diski ya SSD ndani yake, na mara nyingi hufungwa nyuma ya televisheni kwa parafujo nne kisionekane. Kwa mtu asiyetaka kufungua chombo wala kujifunza mambo ya mafundi, na aliye tayari kulipa zaidi kidogo kwa amani ya moyo, hii ni njia ya heshima.

Walakini zipo kasoro za kupima. Katika baadhi ya mashine hizo RAM imelehemiwa moja kwa moja juu ya bodi, hata ikiharibika hakuna cha kuchomoa. Feni zake ni ndogo za vipimo visivyopatikana kila duka. Na dhamana iliyoandikwa katika boksi huwa ya kiwanda kilicho mbali, ambako gharama ya kupeleka mzigo na kuurudisha yaweza kukaribia bei ya chombo. Ukinunua kwa njia hii, nunua kwa muuzaji aliye na duka lenye mlango, atakayetia sahihi dhamana yake mwenyewe.

Wapo wapendao Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja kutoka Uingereza. Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023 bei yake ilitangazwa kuwa dola 60 kwa ile yenye RAM ya GB 4, nayo yakunjua HEVC ya 4K vizuri. Lakini bei hiyo ni ya bodi tupu: adapta yake, kasha, feni na kadi ya kuhifadhia hununuliwa kando, na mwisho wa hesabu tofauti yake na mashine ndogo kamili huwa imepungua sana. Kadhalika mashine za jina la NUC, ambazo Intel ilizianzisha na ambazo tangu mwaka 2023 zimeachiwa ASUS, aghalabu huuzwa bila ya RAM wala diski; anayelinganisha bei asidanganyike akalinganisha nyumba yenye paa na kuta tupu.

Njia ya pili: kuunda kwa vifaa vipya

Zamani sababu ya kuunda ilikuwa fedha: mtu aliyenunua vifaa mwenyewe aliondoa faida ya kiwanda, akapata mashine bora kwa bei ndogo. Katika mashine za bei ya chini sababu hiyo imedhoofika, kwa kuwa kiwanda hununua vifaa kwa maelfu, nawe wanunua kimoja kimoja rejareja. Na kasha pamoja na pawa saplai, ambavyo havikuongezei hata chembe ya uzuri wa picha, hula sehemu kubwa ya mfuko mdogo. Ongeza leseni ya Windows 11 Home, ambayo bei yake rasmi nchini Marekani imekuwa dola 139, na utaona jinsi hesabu inavyoelemea upande mmoja.

Hata hivyo ziko nyumba ambazo kuunda ndiko kunakozifaa, nazo ni nne. Ya kwanza ni nyumba yenye vifaa tayari: kasha la zamani, RAM, diski au prosesa iliyobaki kutoka katika mashine nyingine. Ya pili ni nyumba itakayo diski kubwa mbili au zaidi ndani ya kasha moja, ili kila video ya aila iwe na nakala. Ya tatu ni nyumba yenye vijana wacheza michezo, ambao kesho watataka kuongeza kadi ya picha. Ya nne, na hii naipa uzito mkubwa, ni nyumba yenye kijana mwenye shauku ya ufundi, kwa maana mashine aliyoiunda kwa mkono wake chini ya uangalizi wa mjuzi humfunza mengi ambayo kusoma peke yake hakuwezi kumfunza.

Ukiamua kuunda, chagua prosesa yenye sehemu ya picha ndani yake, ili usilazimike kununua kadi. Intel Core i3-12100 yatosha na kuzidi, nayo yakunjua AV1. AMD Ryzen 5 5600G ina nguvu zaidi kwa michezo mepesi, ingawa AV1 haimo katika sehemu yake ya picha. Tahadhari na herufi F: Core i3-12100F ni ya bei ndogo kwa sababu haina sehemu ya picha, na mwenye kuinunua kwa mashine ya sinema bila ya kadi atakaa mbele ya kioo cheusi. Bodi mama ya kipimo cha Mini-ITX, chenye sentimeta 17 kila upande, ni nzuri kwa macho, lakini ile ya micro-ATX hupatikana kwa wepesi na kwa bei nafuu, na kasha lake lina nafasi ya hewa. Kwa mfuko mdogo chagua ya pili. Soma pia maelezo ya tundu la HDMI la bodi hiyo, maana bodi mbili za bei moja zaweza kutofautiana, moja ikatoa 4K kwa 30 na nyingine kwa 60. Tia RAM ya GB 8 katika vipande viwili vya GB 4, kwa kuwa sehemu ya picha hutumia RAM hiyo hiyo na vipande viwili huipa njia pana. Tia SSD ya GB 250 kwa programu. Na usibane fedha katika pawa saplai, kwa sababu ile ya ovyo ikilipuka aghalabu haifi peke yake.

Njia ya tatu: mashine ya ofisi iliyotumika

Ofisi kubwa za Ulaya, Marekani na Ghuba huwa na desturi ya kubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, si kwa kuwa zimeharibika bali kwa kuwa muda wa dhamana umekwisha, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika katika maduka ya Kariakoo, Luthuli Avenue na Mombasa. Miongoni mwake zimo mashine ndogo mno, zenye unene wa kitabu, zilizotengenezwa kukaa nyuma ya kioo cha karani: Dell OptiPlex za umbo la Micro, HP EliteDesk za umbo la Mini, na Lenovo ThinkCentre za umbo la Tiny. Hizi ndizo nizipendekezazo kwa watu wengi. Zilijengwa kuwaka mchana kutwa kwa miaka. Zafunguka kwa parafujo moja au mbili. RAM yake ni ile ile ya laptopu na SSD yake ni ya kawaida, vitu ambavyo fundi yeyote wa mjini anavyo katika droo.

Tafuta ya kizazi cha 7 kama utatumia Linux, mathalani OptiPlex 7050 Micro, EliteDesk 800 G3 Mini au ThinkCentre M710q. Tafuta ya kizazi cha 8, kama OptiPlex 7060 Micro, EliteDesk 800 G4 Mini au ThinkCentre M720q, ikiwa wataka Windows, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi hicho, isipokuwa chache mno. Wengi hawalijui jambo hili, na wauzaji wenye shehena ya mashine za zamani hawana haraka ya kulisema.

Kukamilisha mashine hiyo ndiko kuunda kwenyewe katika sura ndogo. Ondoa diski ya zamani na utie SSD mpya, ongeza kipande cha pili cha RAM, puliza vumbi, futa dawa kavu iliyo juu ya prosesa na upake mpya, ili joto lipate njia ya kutokea. Mashine hizo zina matundu ya DisplayPort zaidi ya HDMI, na tundu la HDMI likiwapo aghalabu ni la daraja la 1.4, kwa hiyo mwenye televisheni ya 4K anunue adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI iliyoandikwa waziwazi 4K 60 Hz, maana adapta za bei ya chini kabisa haziwezi kupitisha kiasi hicho. Diski kubwa haiingii ndani ya umbo hili, basi hazina yako ya filamu itakaa katika diski ya nje ya USB 3, nayo yatosha kabisa. Mwenye kutaka diski kubwa ndani na sehemu ya kuchezea DVD atafute umbo la SFF la mashine hizo hizo, lililo kubwa kidogo.

Siku ya kununua

Nenda dukani mchana, ukiwa na flashi yenye filamu mbili ulizozichagua: moja ya H.264 ya Full HD na moja ya HEVC ya 4K. Mwombe muuzaji aziwashe katika mashine ile ile utakayoichukua, si katika ile ya maonyesho, na uitazame kwa dakika 20 huku ukiweka mkono karibu na tundu la hewa. Feni ikikwaruza au mashine ikizimika, umekwisha kupata jawabu lako. Ingia katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, mbele yake. Ikiomba neno la siri lisilojulikana, iache, kwa kuwa yaweza kuwa imefungwa na ofisi iliyoimiliki na fundi wa kawaida hataweza kuifungua. Pima afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo, na ikiwa muuzaji amekwisha kukuahidi SSD mpya, zisome saa ilizotumika.

Angalia adapta pia. Mashine za Dell huitambua adapta yake, na zikipewa ya kigeni hupunguza kasi ya prosesa, hata mtu akadhani amenunua mashine dhaifu ilhali kosa ni la waya. Mwisho dai risiti na dhamana ya maandishi, hata ikiwa ya mwezi mmoja, yenye namba ya mashine ndani yake. Kama jamaa yako aliye Dubai au Maskati ndiye atakayekununulia, mpelekee orodha hii nzima pamoja na jina kamili la prosesa, kwa sababu mzigo ukisha kuvuka bahari hauna marejeo.

Umeme, joto na hewa ya pwani

Mashine ya sinema huwaka saa nyingi, basi gharama yake ya umeme ni sehemu ya bei yake. Chukua mashine mbili, moja ikila wati 15 na nyingine wati 60, kila moja ikiwaka saa 5 kwa siku: kwa siku 30 ya kwanza itatumia yuniti 2.25 na ya pili yuniti 9, na mwisho wa mwaka tofauti yao itakuwa yuniti 81. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa katika LUKU au tokeni zako, na utajua kwa nini kompyuta ya zamani ya mezani unayopewa bure na rafiki yaweza kuwa si ya bure. Kwa nyumba za umeme wa jua tofauti hiyo ni kubwa zaidi, maana kila wati hutolewa katika betri.

Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Kinga ya aina ya TV guard, ambayo hungoja umeme utulie kabla ya kuupitisha, ni akiba usiyoweza kuiacha. Na mwenye hazina kubwa ya video aongeze UPS ndogo, kwa kuwa diski inayokatiwa umeme katikati ya kuandika ndiyo iharibikayo mapema. Pwani ina adui mwingine, nao ni unyevu wenye chumvi ulao matundu na parafujo: usiiweke mashine dirishani paelekeapo bahari, na uiwashe walau mara moja kwa juma ili joto lake likaushe ndani. Usiifungie katika kabati lisilopitisha hewa, wala usitandaze juu yake kitambaa cha kudarizi kama tufanyavyo kwa upendo juu ya redio na televisheni, kwa sababu matundu yale ndiyo pua yake.

Programu, sauti na rimoti

Programu iliyo mashuhuri kwa kazi hii ni Kodi, ambayo ilianza mwaka 2002 kama kichezeo cha video cha Xbox na kupewa jina lake la leo mwaka 2014. Ni ya bure, huzipanga filamu zako kwa picha na maelezo, na huendeshwa kwa rimoti hata na mtu ambaye hajapata kugusa kompyuta. Mwenye mashine ya kutazama tu aweke LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux uliokusudiwa kuiendesha Kodi peke yake, ambao huwaka kwa muda mfupi na kutoshea katika flashi. Mwenye kutaka pia kuvinjari na kuandika aweke Linux Mint au Windows. Ajuaye kwamba Netflix ndiyo itakayotazamwa zaidi achague Windows, kwa maana kampuni za filamu aghalabu huzuia ubora wa juu katika Linux. Na mwenye televisheni zaidi ya moja aweke Jellyfin, ambayo nayo ni ya bure, ili hazina moja itazamwe sebuleni na chumbani kupitia ruta.

Katika mipangilio ya Kodi washa ile iruhusuyo kasi ya kioo ifuate kasi ya filamu, kwa sababu sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na kioo kinachoonyesha mara 60 huzigawa bila ya ulinganifu, hata kamera inapopita polepole picha huonekana ikijikwaa. Sabufa uliyo nayo yatosha kuanzia: iunganishe na tundu la masikioni kwa waya wenye ncha nyekundu na nyeupe. Kwa kuongoza, kibodi ndogo isiyo na waya yenye sehemu ya kugusa ndiyo bora, na simu yako ya Android yaweza kuwa rimoti kwa programu ya Kore.

Kodi yenyewe haina filamu ndani yake, na watu watakaokuuzia nyongeza ziahidizo kila sinema bure wanakuuzia mali ya wizi, mara nyingi pamoja na virusi. Wasanii wa Bongo Movie na wa Riverwood huishi kwa kazi zao; nunua kazi zao panapouzwa.

Jinsi ya kuamua

Gawanya fedha yako katika mafungu kumi: sita yaende katika mashine, mawili katika diski ya hazina, moja katika kinga ya umeme, na moja katika waya, adapta na kibodi. Aliyetumia mafungu yote kumi katika mashine hana mashine, ana deni la vitu vilivyosalia. Kisha, kama huna subira ya kufungua chombo na una muuzaji mwaminifu, nunua mpya ya N100. Kama una vifaa tayari, au diski nyingi, au kijana wa kufunzwa, unda. Na kama hujioni katika makundi hayo, chukua ya ofisi ya kizazi cha 7 au cha 8 na uikamilishe.

Lakini kabla ya kulipa, mpitie fundi wa mtaani kwenu na umwonyeshe jina la mashine uliyoichagua, umwulize kama amepata kuifungua na kama adapta, feni na RAM zake anazo au ajua zilipo. Akijibu kwa uhakika, lipa. Akisita, chagua nyingine ingawa ya kwanza ni nafuu, kwa kuwa mashine hiyo utaishi nayo miaka, na katika miaka hiyo hutakuwa na haja ya aliyekuuzia bali ya yule awezaye kuitengeneza.